Assistance ya Mtu Mmoja

Nalidharau neno "assistance" kama ninavyomdharau mtu anayekupa mkono kwa ncha za vidole. Ni neno lililovaa glavu. Mwingereza akizama mtoni halitumii; hapo hutafuta neno fupi, "help", la watu wote, akalipigia kelele. Hili refu limewekwa kwa ajili ya fomu, kwa barua zenye nembo juu, na kwa vile vitufe vya ukutani stesheni ambavyo ukivibonyeza unasikia muziki, kisha sauti inakuambia kwamba simu yako ni muhimu, kisha muziki tena.

Lakini niseme ukweli mapema, maana nimechoka kuonekana mjanja: kabla sijalidharau, nililipenda. Nililipenda kwa miaka. Nilikuwa nikilitamka mbele ya kioo.

Nilikuja London kutoka Tanga nikiwa msichana wa miaka kumi na mitano, baada ya mama yangu kufariki, nikapokelewa na dada yake, ambaye kwangu ni mama mkubwa. Shuleni walinipima kwa Kiingereza nilichokuwa nacho wakanikalisha nyuma, pamoja na watoto wanaopewa picha za kupaka rangi. Nilitoka huko na cheti kisichofaa hata kufungia maandazi. Kiingereza changu nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi nene niliyoinunua duka la mitumba pale Kilburn, na kwa madaftari kumi na manne ambayo bado ninayo. Kila neno niliandikia sentensi tano. Nikikosea ya nne, nachana ukurasa naanza upya. Hadi leo barua pepe ya mistari miwili naisoma mara tisa kabla ya kuituma, na nikishaituma naisoma tena, nikitafuta aibu niliyoiacha ndani.

Kwa hiyo nikawa mwandishi wa barua wa jengo letu. Hakuna aliyeniteua. Kina mama Waswahili wa ghorofa zote walipanda kwetu na makaratasi yao ndani ya mifuko ya plastiki, wakakaa kwenye ukingo wa kochi kama waliokuja kuposa.

"Mwanangu, waandikie tu wanisaidie."

Hiyo "tu" ilinikera kuliko kitu chochote. Niliwatazama kwa dharau ambayo mwenyewe niliiita subira. Watu wamekaa nchi hii miaka ishirini, wamezaa watoto wanaowajibu kwa Kiingereza, na bado wakifika ofisini wanaomba kusaidiwa kama mtu aliyeangukiwa na kabati. Nikawa nawafundisha. Msiseme mnaomba. Semeni mnahitaji assistance. Ukiomba, wanakuona ombaomba; ukilitumia neno lao, wanakuona mtu mwenye haki. Wakaitikia kwa vichwa, wakanishukuru, wakaenda zao wakaendelea kuomba kusaidiwa.

Mmoja tu hakubabaika na ufundi wangu. Jirani wetu wa chini ni Mkenya, nesi wa hospitali, mwanamke mwenye kicheko kinachopenya sakafu. Siku moja alichukua barua niliyomwandikia mtu, akaisoma akiwa amesimama mlangoni na viatu vyake vya kazini.

"Wee, hii Kiingereza yako ni ya matanga," akasema. "Mtu akisoma hii atatafuta maua alete."

Nilimwona mshamba. Nesi wa miaka yote hiyo, nikawaza, na hajui kuandika barua rasmi.

Sasa nimseme mama mkubwa, kwa sababu haya yote yanamhusu yeye. Kwa miaka kumi na minane alifanya kazi ya kutunza wazee, kazi ya kea kama wote wanavyoiita huku. Alitoka saa kumi na moja alfajiri, akapanda mabasi mawili kwenda kwenye nyumba ya wazee, akawaogesha, akawavisha, akawalisha, akarudi mikono ikinuka dawa. Mimi shuleni niliwaambia wenzangu kuwa ni nesi. Mara moja tulikutana naye kituo cha basi akiwa na sare yake ya zambarau, mimi nikiwa na msichana mmoja wa darasani, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba mpaka basi lake likaja. Sijui kama aliniona. Nadhani aliniona.

Kisha baridi yabisi ikamshika mikono, ikapanda begani, ikashuka kwenye nyonga. Akaacha kazi. Kufikia mwaka jana hakuweza kukamua kitambaa, hakuweza kuinua mkono wa kulia ufike kichwani, na hodhi la kuogea, ambalo kwenye nyumba hizi za kupanga limewekwa juu kama jeneza la mfalme, hakuweza kulivuka. Alilivuka hivyo hivyo. Kila asubuhi alijifungia humo, mimi nikasikia maji, nikasikia kimya, nikasikia pumzi za mtu anayebeba gunia. Nikimgongea kumuuliza, ananijibu, "Sijambo, nenda kazini." Nami nikaenda. Nilikuwa na kazi ya mchana kwa dobi mmoja wa barabara kuu, nikipokea makoti ya watu na kuandika vikaratasi kwa hati nzuri kupita kiasi.

Siku moja ya Januari nilirudi nyumbani nikaita, kimya. Nilimkuta ameketi ndani ya hodhi. Maji yalikwisha kutoka zamani. Kanga imemganda mwilini, midomo imebadilika rangi. Alikuwa ameteleza, hakuvunjika, ila hakuweza kuinuka. Sauti alikuwa nayo. Jirani wa chini siku hiyo alikuwa na likizo, angesikia hata kikohozi. Hakuita.

"Mama mkubwa, mbona hukuita mtu?"

"Geuka ukutani unipe taulo."

"Umekaa hapa muda gani?"

"Nimekwambia geuka."

Nilimwinua nikiwa nimefumba macho, kwa amri yake, na kidogo tuanguke wote wawili. Baadaye, akiwa kitandani na blanketi tatu, alinieleza bila kunitazama. "Kwetu mtu huoshwa na ndugu zake akishakufa. Mimi sijafa. Mkono wako ungoje siku yake."

"Sasa nani akuoshe?"

"Mtu wa kazi. Mtu wa kazi haoni. Mimi nimeosha watu miaka kumi na minane na sikumwona hata mmoja."

Basi hicho ndicho tulichokuwa tunakitaka, hicho tu: mtu wa kazi, asubuhi, nusu saa, wa kumwingiza mama mkubwa majini na kumtoa akiwa na heshima yake. Halmashauri ya mtaa ina watu hao. Ana haki nao. Amefanya kazi nchi hii, amekatwa kodi. Kulikuwa na fomu tu.

Na mimi ndiye mtu wa fomu. Kurasa ishirini na sita. Niliijaza kwa penseli kwanza, kisha kwa wino, kisha nikaomba nyingine nikaanza upya kwa sababu kwenye ukurasa wa kumi na saba herufi moja ilivuka mstari. Nyuma kabisa, kwa maandishi madogo, wamelieleza neno lao. Assistance, walisema, maana yake ni mtu mwingine kukugusa kwa mkono wake ili uweze kufanya jambo. Sauti haihesabiwi. Mtu akisimama mlangoni akakuambia "angalia usiteleze," hiyo si assistance, hiyo ina jina lingine na malipo mengine. Nilisoma hayo kwa furaha. Nilifurahi, nasema, wakati mama mkubwa yuko chumba cha pili anashindwa kufunga kitufe. Nilikuwa nimepata maana kamili ya neno.

Jioni tatu mfululizo nilikaa naye nikamfundisha.

"Mama mkubwa, sema: I require assistance."

"Neno hilo nalijua."

"Unalijua kwa kulisikia. Maana yake rasmi huijui. Maana yake ni mkono. Sauti haimo. Wakikuuliza kama mimi hukusaidia, usiseme nakusaidia kwa kukuita-ita, maana hiyo haihesabiwi."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye televisheni yake. Nikajiambia, mtu mzima huyu, kichwa kimechoka.

Barua ikaja kwamba mtu wa kumpima atafika Jumanne saa nne asubuhi. Na hapo mama mkubwa akafanya jambo ambalo sijui kama kuna watu wengine duniani wangelifanya. Alimwandalia mpimaji karamu.

Jumatatu nzima nilifuta madirisha kwa amri yake. Nilikanda unga wa mahamri, yeye ameketi kwenye kiti jikoni akinielekeza kwa kidevu. Mapazia yakafuliwa. Asubuhi ya Jumanne alimeza vidonge vya maumivu viwili, kisha nikamwona akimeza vingine viwili, ili aweze kusimama mlangoni. Nilimvisha dira yake ya idi huku nikitazama pembeni. Udi ukafukizwa.

"Mama mkubwa, huyu anakuja kukupima. Hajaja kutembea."

"Akishavuka kizingiti changu ni mgeni. Mgeni aje mwenyeji apone."

Nilicheka kwa pua. Nilizidharau methali zile siku hizo. Niliziona kama mito ya kochi, zimewekwa ili mtu asikae moja kwa moja juu ya jambo. Lakini mahamri nilikaanga, na niliyapanga kwenye sahani kwa duara, na moja lililopasuka nililila mwenyewe lisionekane.

Akaja kijana. Alivua viatu bila kuambiwa, maana kuna mahali walimfundisha kwamba watu wa aina yetu hupenda hivyo, na soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu lililotoa kidole gumba. Nilikidharau kidole kile saa nzima. Alikula mahamri manne. Alisifu chai. Kisha akafungua kishikwambi chake akamuuliza mama mkubwa, kwa sauti ya kumsemesha mtoto, hali yake.

Kila Mswahili anajua swali hili hujibiwaje. Hata kama nyumba imeungua, kwanza hujambo. Ni njema, ni salama, alhamdulillah. Halafu, mwenzako akiwa mtu, atanyamaza kidogo akungojee, nawe utavuta pumzi useme "ila." Ila mguu. Ila mtoto. Habari yenyewe huwa nyuma ya hiyo "ila." Mama mkubwa alisema hajambo, anamshukuru Mungu, na kijana yule hakungoja. Niliona kidole chake kikigusa kioo, na kisanduku kidogo cha kijani kikawaka.

Akauliza kuhusu kupika. Mama mkubwa akatazama sahani ya mahamri, akaona ingekuwa ufidhuli kusema hakuyagusa. "Tunapika," akasema. Kijani. Akauliza kuhusu kuoga. Kijana mwanamume, umri wa mjukuu, anauliza hivyo mbele ya birika. Mama mkubwa aliinamisha macho, akaanza kuokota chembe za sukari mezani kwa kidole kisichokunjika.

"Namshukuru Mungu," akasema.

Hapo ndipo ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimeikariri. Nikanyoosha mgongo nikasema kwa Kiingereza cha madaftari kumi na manne kwamba mama yangu mkubwa, kwa kuzingatia hali yake inayozidi kuzorota, anahitaji assistance katika nyanja zote za usafi wa mwili wake, na kwamba neno hilo nalitumia kwa maana waliyoitoa wao wenyewe kwenye kiambatisho. Sikukosea hata pumzi.

Kijana alinitazama. "Kiingereza chako kizuri mno," akasema. "Ulisomea wapi?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia. Nilimweleza habari za kamusi. Nilimweleza kuhusu madaftari, na sentensi tano, na nilivyokalishwa nyuma shuleni. Nilizungumza labda dakika kumi. Katika dakika hizo sikumtazama mama mkubwa hata mara moja, nami nilijua vidonge vinne vina saa zake. Sijawahi kusifiwa na mtu wa ofisi. Nilikuwa nimelewa, sina neno lingine.

Alipoaga, mama mkubwa aliinuka kumsindikiza. Hakuna aliyemwomba. Alitembea naye mpaka penye ngazi, bila fimbo, akatabasamu, akampungia mkono wa kushoto. Kisha akarudi, akashika ukuta, akakaa sakafuni pale pale ukumbini.

Wiki tatu baadaye walituandikia. Bibi huyu, walisema, anatembea bila taabu, huandaa vyakula vya moto kwa wageni, na anaishi na mpwa mwenye ufasaha ambaye anaonekana kumudu vizuri. Haonekani kuhitaji assistance.

Niliisoma mara tisa. Nilitafuta kosa la koma, lolote, nisilipate.

Wiki ile niliwachukia watu wengi. Nilimchukia kijana na kidole chake. Nilimchukia mama mkubwa kwa dira na udi, nikamwambia, kwa sauti ambayo sitaki kuikumbuka, kwamba amejiponza kwa tabia za kizamani. Alikuwa akijifuta mwili kwa kitambaa tu sasa, ameketi kwenye kiti, maana tangu Januari aliliogopa hodhi. Na nyumba yetu, niseme tu, ilianza kuwa na harufu ambayo mama mkubwa alikuwa akiisikia kabla yangu na kuwasha udi.

Nikaandika rufaa. Kurasa nne, nukuu saba kutoka kwenye kiambatisho chao. Nilishuka nayo kwa jirani, si kutaka ushauri, nilitaka ashangae. Aliisoma amekaa, safari hii, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Mami," akasema, "hii barua ndiyo imewaonyesha hamtaki mtu. Mwenye shida anapata wapi nguvu ya kuandika hivi?"

"Nimetumia maneno yao."

"Ndiyo. Sasa wanasoma wanajiona. Auntie yuko wapi hapa? Nimesoma page nne na sijamwona Auntie." Akanirudishia. "Piga simu. Omba waje tena, na waje na mwanamke. Na wewe siku hiyo ukae jikoni, ufunge hiyo mdomo yako nzuri."

Niliondoka bila kuaga. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilipiga simu, nikasikiliza muziki dakika arobaini, nikaomba. Sikutumia neno refu hata moja.

Walikubali kumtuma mwanamke, nasi tuligombana tena kabla hajafika. Nilimwambia mama mkubwa leo hakuna mahamri, hakuna vidonge vya ziada, hakuna dira. "Basi usimfungulie mlango kabisa," akasema. "Mwache apige hodi mpaka achoke, kwani sisi ni wanyama?" Tukaishia kwenye chai ya rangi na biskuti za pakiti, naye akavaa gauni la nyumbani lenye doa ambalo alilifunika kwa mtandio kila nilipogeuka.

Alikuwa mwanamke mtu mzima, mwavuli unachuruzika, amechoka kama watu wote wa saa hiyo. Hakuvua viatu, alivifuta tu kwa nguvu kwenye mkeka. Mimi nilikaa jikoni kama nilivyoagizwa, mlango wazi, kitambaa cha vyombo mkononi. Nilimsikia akiuliza hali. Nilimsikia mama mkubwa akijibu kwa Kiingereza chake kwamba hajambo, anamshukuru Mungu. Niliking'ata kitambaa. Akaulizwa kuhusu kuoga. Mwanamke yule akangoja, hata nikasikia friji.

Kisha mama mkubwa akauliza yeye. "Kazi hii ya kuosha watu, umewahi kuifanya?"

"Miaka sita," mwanamke akasema. "Nyumba ya wazee. Kabla ya ofisi."

"Zamu ya asubuhi?"

"Asubuhi, na usiku nilipokosa bahati."

Kiti kililia. Nilipochungulia niliona mama mkubwa amekaa wima, mikono ile iliyopinda juu ya magoti, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia nyumbani. Ilikuwa sauti ya kazini. Ilikuwa sauti ya mtu anayekabidhi zamu akiwa na dakika tatu kabla ya basi.

"Mwanamke, miaka sitini na mitatu," akasema. "Assistance ya mtu mmoja. Kuoga, kuvaa, choo. Mkono wa kulia haupandi. Hodhi haliwezi. Januari alianguka humo, akakaa zaidi ya saa, hakuita mtu. Kitako kina wekundu, pande zote mbili. Nyumbani kuna mpwa, mgonjwa hataki kuguswa naye. Ukimuuliza, atakwambia hajambo. Usiandike anachosema."

Mwanamke yule alikuwa ameacha kuandika. Kisha akaanza tena, haraka, na akauliza, kama wanavyoulizana watu wa kazi moja, "Kugeuka kitandani?"

"Mwenyewe. Kwa taabu. Asubuhi mbaya kuliko jioni."

"Ngozi?"

"Nitakuonyesha. Huyo wa jikoni afunge mlango."

Niliufunga. Nilisimama nyuma yake nikiwa na kitambaa mdomoni. Miaka kumi na minane, kila mwisho wa zamu, mama mkubwa alikuwa ameliandika neno lile kwenye madaftari ya wazee wa watu: mzee fulani, assistance ya mtu mmoja, mzee fulani, ya watu wawili, kwa idadi ya watunzaji anaowahitaji. Maelfu ya mara. Nami nilikuwa nimemkalisha jioni tatu nikimfundisha kwamba maana yake ni mkono. Hayo yaliniingia nikasikia masikio yakiwaka. Lakini nimeahidi ukweli, kwa hiyo niongeze na hili: nyuma ya mlango ule, katikati ya aibu ile, kipande kimoja cha kichwa changu kilikuwa kimegundua kwamba katika sentensi zake ameruka viambishi vinne vya Kiingereza, na kilikuwa kinavirudisha mahali pake.

Jibu lilikuja. Wametukubalia asubuhi nne kwa wiki. Si saba, nne, Jumatatu mpaka Alhamisi. Kuna mtu ofisini, mwenye shahada bila shaka, aliyekaa akaona kwamba binadamu huchafuka siku nne. Nilitaka kuandika. Mama mkubwa akasema, "Acha. Nne ni nne."

Aliyeletwa ni mwanamke kutoka Ghana, mnene, mwenye haraka, anayeimba nyimbo za kanisani chini kwa chini. Siku ya kwanza nilisimama ukumbini nikasikiliza. Nilisikia maji, nikasikia mama mkubwa akimwelekeza, naye akibishana, kisha wote wawili wakicheka kitu. Kicheko cha mama mkubwa, bafuni. Alitoka amejifunga kanga safi, uso unang'aa mafuta, akapita mbele yangu kama mimi ni kabati.

Ijumaa hakuja mtu. Wala Jumamosi, wala Jumapili. Mama mkubwa alijifuta kwa kitambaa na kusema hajambo. Jumatatu yule Mghana alipomvua alinyamaza kuimba. Alitoka akanionyesha mimi, si kwa ubaya, akigusa kifua chake mwenyewe kunielekeza mahali: chini ya titi ngozi imechubuka, kwa unyevu, siku tatu tu. Akasema kwenye kazi yake hilo lazima aliandike. Mama mkubwa alisikia. Jioni akasema, kwa ukuta zaidi kuliko kwangu, "Ngozi ikichubuka ni kosa la zamu. Sikuwahi kuchubua mtu mimi."

Ijumaa iliyofuata nilisikia maji yakifunguliwa. Nikaenda kusimama nje ya mlango, kama kawaida yangu, bila kujua nasimamia nini. Maji yakafungwa.

"Upo hapo?"

"Sipo... nipo, mama mkubwa."

"Najua upo. Unapumua kama paka." Kisha komeo likafunguliwa kwa ndani, kwa taabu, mara mbili. "Ingia. Usoni usinitazame. Tazama kazi."

Niliingia. Nilikuwa nimesoma namna ya kufanya, bila shaka nilikuwa nimesoma, na yote yalitoka kichwani. Nilimshika kwapani, pale nilipoona pangefaa, akanifokea: pale sipo, shika nyuma ya kiwiko, na mguu wako uweke pale. Aliingia. Nililoweka kitambaa nikainama.

"Unaanzia wapi?"

"Miguu."

"Nani kakwambia miguu? Miguu halafu uniletee kitambaa hicho usoni? Uso kwanza. Kisha kifua. Chini ya titi, kausha, usilowanishe tena. Toba! Maji ya baridi haya."

"Samahani."

"Usiombe samahani, fungua ya moto."

Sabuni ilinitoka ikaenda chini ya miguu yake, nikaitafuta kwa mkono macho yakiwa ukutani. Aliguna.

"Ungekuwa zamu yangu," akasema, "ningekurudisha kwenu kabla ya chai."

Mgongo wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na wenye alama za kamba za sidiria za miaka mingi. Niliupitisha kitambaa polepole, kwa uangalifu wote nilio nao.

"Sugua, bwana, usipapase. Mimi si karatasi."

Nikasugua.